Mistari ya Reli

Makambako, Julai. Upepo umepita chini ya mlango bila hodi,
umeme umekatika saa mbili kasoro robo.
Nimekifunga kifuniko cha mashine ya ofisi ya parachichi,
nikaweka kiganja juu yake kama anayepima homa ya mtoto,
nikingoja feni inyamaze.

Wewe utakayekuja baada yangu, jina sikujui.
Nakuandikia kwa mwanga wa simu.

Kwanza, usingizi wa mashine hii ni wa namna mbili.
Upo wa mang'amung'amu: kioo kimezimika
lakini kumbukumbu ingali macho, inanyonya betri tone kwa tone,
na betri yetu kuukuu, haifiki alfajiri.
Upo wa pono (samaki huyo huku juu hatujamwona,
usingizi wake tunaujua). Huo ndio tunaoutaka.
Kila kilichokuwa kichwani huhamishiwa kwenye diski:
hesabu za Mama Nyagawa zisizofungwa,
barua iliyokatikia kwenye "Kwa heshima na ta",
hata pale mshale uliposimama.
Kisha inazima kabisa, baridi kama jiwe la kusagia.
Ghala la diski lisiwe dogo kuliko kumbukumbu.
Likiwa dogo, mzigo utalala nje.

Pili, skripti ni mbili, ya kulaza na ya kuamsha.
Ya kulaza huanza na mtandao, ikaja sauti, mwisho mzani.
Ya kuamsha hurudi kinyumenyume:
aliyelala mwisho ndiye wa kwanza kuitwa.

Alizitunga Lwitiko Mwasomola,
aliyehamia Tunduma kuuza simu.
Mistari arobaini na moja kwa jumla,
na maelezo yote ni neno moja:

# usiguse

Niligusa.
Mstari wa ishirini na sita ulisema: subiri sekunde tatu.
Nikauona uvivu. Nikaufuta.

Asubuhi mashine iliamka, faili zipo, barua ipo na "ta" yake,
ila mzani ulisoma sifuri.
Sifuri kwa kreti. Sifuri kwa gunia.
Sifuri hata nilipopanda mwenyewe na koti langu la mtumba.
Uani wakulima kumi na saba, wa Kitandililo, wa Mahongole,
pikipiki zimepakia tangu giza.
Mzee Chaula akaniuliza, kwa upole uliouma:
"Kwa hiyo leo hatukuleta kitu?"

Usiku wa tatu ndipo nilipong'amua.
Mzani ule ni mzito wa kuamka.
Ukiuita papo hapo, kimya.
Ukiupa sekunde tatu za kujinyoosha, huitika.
Lwitiko alilijua hilo akaondoka nalo.
Simlaumu sana. Na mimi nilipolipata jibu
nilitamani blanketi, si kalamu.

Mstari unaoanza na alama ya reli mashine haiusomi.
Huupita kama treni ya mizigo ya Zambia
inavyoipita stesheni yetu usiku wa manane:
madirisha yanatetemeka, hashuki mtu.
Basi hapo ndipo petu, mimi na wewe,
kando ya njia, ambapo tunaweza kusemezana
na kazi isisimame.

Umeme umerudi. Nabonyeza.
Moja. Mbili.
Tatu, na taa ya kijani ya mzani inafumbua jicho.
Hesabu za Mama Nyagawa zimerejea pale pale.
Mshale unapepesa mbele ya "ta".
Sijaimalizia. Barua si yangu.

# mzani huchelewa kuamka. usifute mstari huu.
# niliufuta tarehe nne, watu kumi na saba wakakaa kwenye baridi hadi saa tisa.
# ukinunuliwa mzani mpya, jaribu sekunde moja.
# mstari wa thelathini na tatu sijui kazi yake. nimeuogopa, nimeuacha.
# ukiujua, andika hapa chini.
# Twilumba
#